Mmoja anaandika, mwenzake anakataliwa: ruhusa za Samba kwenye seva ya biro ndogo

*"Papa, salamu kutoka Lubumbashi. Biro yetu inashughulikia dosie za forodha za malori yanayopita mpaka wa Kasumbalesa. Tuko watu wanane, kila mmoja na kompyuta yake: tano za Windows 10, tatu za Windows 11. Kijana mmoja alitugeuzia kompyuta ya zamani kuwa seva, akaweka Debian na Samba, akatupa folda moja ya wote, kisha akahamia mji mwingine. Mimi ni mhasibu, lakini sasa seva imeangukia mikononi mwangu. Deklaran mmoja (mtayarishaji wa dosie za forodha) akitengeneza faili ya Excel, mwenzake anaifungua lakini hawezi kuihifadhi. Kwenye folda nyingine hawezi hata kuingiza kitu, ingawa kwenye smb.conf kumeandikwa writable = yes. Nimeongeza mfanyakazi mpya kwa adduser, Windows inakataa neno lake la siri na tunajua ni sahihi. Umeme ukikatika na kurudi, wengine hawaioni seva kabisa. Printa ya leza iliyo kwenye seva inatoa wakati mwingine makaratasi mengi yenye herufi zisizoeleweka. Fundi wa mtaani kwetu amenishauri nipige chmod 777 folda yote na niwashe SMB1, eti kila kitu kitatulia. Patrone, bosi wetu, naye anauliza kama ni afadhali kununua Windows Server au kuhamishia yote kwenye intaneti, na ajenti wetu wa Kasumbalesa anataka kufikia dosie. Nifanye nini?"*

Mama, salamu nawe, na pole kwa mzigo huo uliokuangukia bila kuuomba. Nimesoma swali lako mara mbili. Seva yako haijaharibika, na Samba, programu inayogawa folda ya seva kwa Windows, haijakosea hata mahali pamoja: inafanya kile ilichoambiwa. Kijana aliyeiweka aliishia katikati ya kazi, na ile nusu iliyobaki unaweza kuimaliza wewe mwenyewe kwa mchana mmoja wa Jumamosi, biro ikiwa tupu.

Nianze na huo ushauri wa 777, yaani kumpa kila mtu ruhusa zote, kwa sababu ndio utakaokuumiza. Ukiupiga leo, shida itaonekana kama imeisha, na fundi atasifiwa. Kesho asubuhi deklaran atatengeneza faili mpya, na mwenzake atashindwa tena kuihifadhi. Amri ya chmod hugusa faili zilizopo saa ile tu. Faili zitakazozaliwa baadaye hupewa ruhusa na Samba yenyewe, kwa kanuni nyingine ambayo hujaigusa. Kwa hiyo utakuwa umefungulia dosie za wateja kwa kila programu na kila jina lililo kwenye seva, na bado hujatibu kilichokupeleka huko.

Sababu iko hapa. Samba ilianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1990 na Andrew Tridgell, wakati huo mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia, Canberra. Tangu siku hizo kazi yake ni kusimama kati ya sheria mbili zisizofanana. Windows inazungumza kwa itifaki (kanuni za mawasiliano) inayoitwa SMB, na ina namna yake ya kusema nani anaruhusiwa nini. UNIX, na Linux kama mtoto wake, ina namna nyingine: kila faili ina mwenyewe mmoja, ina kikundi kimoja, na waliobaki wote ni "wengine". Mtu anapoiendea folda yako kutoka Windows, anavuka ukaguzi mara mbili, kama anayeingia nyumbani kwa mtu: kwanza geti la parseli (la kiwanja), kisha mlango wa nyumba. Geti ni smb.conf, faili ya mipangilio ya Samba. Mlango ni ruhusa za faili kwenye diski. Ule mstari wa writable = yes umefungua geti peke yake. Baada ya hapo smbd, programu ya Samba inayohudumia watu, inavaa jina la mtu aliyeingia na kwenda kugonga mlango kwa jina hilo, na Linux inamjibu kama ingemjibu mtu huyo akiwa ameketi mbele ya seva yenyewe.

Sasa tazama kinachotokea deklaran wako, tumwite Ilunga, anapotengeneza faili ya Excel. Kama smb.conf haisemi lolote, Samba huipa faili mpya ruhusa zisizozidi 0744, na folda mpya 0755. Soma tarakimu tatu za mwisho: ya kwanza ni ya mwenyewe, ya pili ni ya kikundi, ya tatu ni ya wengine, na kila moja ni jumla ya 4 (kusoma), 2 (kuandika) na 1 (kuendesha, au kupita ndani kama ni folda). Ilunga ana 7, anafanya apendavyo. Kikundi kina 4, kinasoma tu. Ndiyo maana mwenzake anaifungua lakini hawezi kuihifadhi. Na folda aliyoiunda Ilunga ina 5 kwa kikundi, yaani kusoma na kupita, bila kuandika. Ndiyo maana humo mwenzake hawezi kuingiza kitu chochote. Malalamiko yako mawili ya kwanza ni ugonjwa mmoja.

Kuna kipande cha pili ambacho wengi hukisahau. Debian, hiyo Linux iliyo kwenye seva yako, inapomtengeneza Ilunga, inamtengenezea pia kikundi chenye jina lake, ambacho ndani yake yumo peke yake. Faili anazozizaa zinaandikwa kwa kikundi hicho. Kwa hiyo hata ukikipa kikundi ruhusa ya kuandika, umempa Ilunga yuleyule. Lazima faili zizaliwe mikononi mwa kikundi cha biro.

Hivyo basi, kabla ya kugusa kitu, nakili folda yote kwenye diski ya nje. Usiruke hatua hii hata kama una haraka. Kisha tengeneza kikundi, nitakiita forodha, na uwaingize watu mmoja mmoja:

`addgroup forodha`
`usermod -aG forodha ilunga`

Ile herufi a katika -aG isikutoroke. Bila hiyo, mtu anaondolewa kwenye vikundi vyake vingine vyote vya ziada. Baada ya hapo kabidhi folda kwa kikundi na urekebishe zilizopo, folda kwa kipimo chao na faili kwa kipimo chao (nachukulia iko /srv/nyaraka, wewe weka njia yako):

`chgrp -R forodha /srv/nyaraka`
`find /srv/nyaraka -type d -exec chmod 2770 {} +`
`find /srv/nyaraka -type f -exec chmod 0660 {} +`

Ile 2 iliyotangulia 770 ndiyo dawa ya kipande cha pili. Inaiambia Linux kwamba chochote kitakachozaliwa ndani ya folda hii kirithi kikundi cha folda, si kikundi cha aliyekizaa. Sifuri ya mwisho inawafungia nje wale "wengine" ambao 777 ingewakaribisha.

Sehemu ya folda katika /etc/samba/smb.conf iwe hivi:

`[nyaraka]`
`path = /srv/nyaraka`
`valid users = @forodha`
`read only = no`
`create mask = 0660`
`force create mode = 0660`
`directory mask = 2770`
`force directory mode = 2770`

Mistari ya mask hupunguza: ruhusa isiyokuwemo haipiti. Mistari ya force huongeza: iliyomo inawekwa hata kama Windows haikuiomba. Ukiziweka zote mbili, kila faili itazaliwa na ruhusa ileile, awe ameiunda Ilunga, mfanyakazi mpya au patrone. Endesha testparm, ambayo itakusomea smb.conf na kukuonyesha mstari uliokosewa, kisha `smbcontrol all reload-config`. Wafanyakazi wote watoke kwenye Windows na kuingia upya, kwa kuwa smbd inayomhudumia mtu inashika orodha ya vikundi vyake tangu alipoingia, na hukumu ya zamani itaendelea mpaka aungane upya. Watu wengi hufanya kila kitu sawasawa, wanajaribu bila kutoka, wanaona bado wanakataliwa, na kwa kukata tamaa wanarudi kwenye 777.

Ikiwa folda moja bado ni sumbufu, piga `namei -l /srv/nyaraka/jina-la-folda`. Itakuonyesha ruhusa za kila ngazi kutoka juu kabisa mpaka chini. Mara nyingi kizuizi kiko kwenye folda mama ambayo hukuifikiria.

Mfanyakazi wako mpya sasa. Neno lake la siri ni sahihi kweli, ila Samba hailijui. Windows haitumi neno la siri lenyewe kwenye waya. Seva huitumia kompyuta inayoingia namba ya kubahatisha, Windows huipitisha kwenye hesabu pamoja na alama iliyotokana na neno la siri, na seva hufanya hesabu ileile upande wake ili kulinganisha majibu. Linux inahifadhi alama ya aina nyingine kabisa, na hakuna njia ya kuigeuza kuwa ile inayotakiwa na Windows. Kwa hiyo Samba hutunza daftari lake, na ulipopiga adduser hukuandika chochote humo. Piga `smbpasswd -a` ikifuatiwa na jina lake, na `pdbedit -L` ikuonyeshe wote walioandikwa. Siku mtu akiacha kazi, `smbpasswd -d` na jina lake inamfungia geti bila kufuta kazi zake.

Na kila mmoja awe na jina lake, Mama, hata patrone akisema neno moja la wote linatosha. Dosie ya forodha ni karatasi ya pesa na ya sheria. Thamani ya mzigo ikibadilishwa usiku wa kuamkia siku lori linapovuka, utataka kujua ni nani. Kwa majina tofauti, smbstatus inakuonyesha nani ameshika faili gani saa hii, na ls -l inakuonyesha imeandikwa kwa jina la nani. Ukijaribu majina haya kwenye kompyuta moja utakutana na kikwazo kimoja: Windows haikubali kuingia kwenye seva moja kwa majina mawili kwa wakati mmoja, na inatoa kosa namba 1219. Piga `net use * /delete` kwenye dirisha la amri la Windows, ufute pia majina ya zamani yaliyohifadhiwa humo, kisha uingie upya.

SMB1 usiiwashe. Ni lahaja ya kwanza ya itifaki hii, mizizi yake iko IBM katika miaka ya 1980, na ndiyo mlango uliotumiwa na kirusi cha WannaCry tarehe 12 Mei 2017, kilichofunga kompyuta za hospitali nyingi Uingereza na za makampuni katika nchi nyingi. Microsoft ilikuwa imetoa kiraka miezi miwili kabla, waliokuwa hawajakiweka ndio walioumia. Mwezi uleule Samba nayo ilitangaza tundu lake, CVE-2017-7494, lililokuwa katika matoleo yote tangu 3.5.0, na humo mtu mwenye ruhusa ya kuandika kwenye folda angeweza kuendesha programu yake ndani ya seva. Tangu toleo 4.11 la mwaka 2019, Samba inakuja SMB1 ikiwa imezimwa. Na kwa kuwa Windows 10 iliacha kupata matengenezo ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, zile kompyuta zako tano hazistahili kuongezewa udhaifu mwingine.

Ninaelewa kwa nini fundi aliitaja. Zamani kompyuta zilionekana zenyewe kwenye dirisha la mtandao la Windows kwa msaada wa SMB1, na alipoona seva haionekani akafikiri ndiyo inayokosekana. Lakini kutoonekana si kutofikika. Andika `\\192.168.1.10\nyaraka` (kwa anwani ya seva yako) juu ya dirisha la faili na folda itafunguka. Kisha iunganishe kama diski yenye herufi, na hakuna mfanyakazi atakayelitafuta tena dirisha la mtandao. Ukipenda ionekane pia, weka kwenye Debian programu ndogo iitwayo wsdd, inayojitangaza kwa namna ambayo Windows ya sasa inaisikia. Kama kuna fotokopi ya zamani inayotuma skani kwa SMB1 peke yake, jaribu kuipangia itume kwa FTP au kwa barua pepe, au ichapie kwenye fimbo ya USB. Biro nzima isirudishwe nyuma kwa ajili ya mashine moja.

Wako wengine watakaokuambia uweke guest ok = yes ili watu waingie bila neno la siri. Windows 11 Pro za toleo la 24H2 zinakataa mlango huo zenyewe, na zinafanya vizuri.

Kupotea kwa seva baada ya umeme kukatika karibu hakika ni suala la anwani. Umeme ukirudi, ruta inagawa anwani upya, seva inapata nyingine, na kompyuta zilizokuwa zikienda kwenye ile ya zamani zinagonga ukuta. Zile zilizobahatika kuipata kwa jina zinaendelea, ndiyo maana ni "wengine" na si wote. Ingia kwenye ruta na uifungie seva anwani moja ya kudumu, basi. Halafu nunua onduleri, kile kifaa cha betri kinachoshika umeme ukikatika, na ukishainunua uchomeke seva, swichi na ruta vyote vitatu, kwa sababu seva inayowaka nyuma ya swichi iliyozimika haisaidii mtu. Chagua yenye waya wa USB, uweke programu iitwayo NUT, ili betri ikikaribia kuisha seva ijizime kwa adabu. Diski za Linux zina kumbukumbu ya hatua inayookoa mpangilio wa folda umeme ukikatwa ghafla, lakini haiokoi Excel iliyokuwa katikati ya kuandikwa.

Tuje kwenye printa. Angalia ukurasa wa kwanza wa yale makaratasi ya ajabu. Kama unaanza na %!PS, umeshampata mchawi. Printa zina lugha zao: nyingine zinasoma PostScript, nyingine PCL, na leza nyingi za bei nafuu zinasoma lugha ya kiwanda chao tu. Kompyuta mojawapo imewekewa dereva wa PostScript, inatuma amri za kuchora ukurasa, seva inazipitisha jinsi zilivyo, na printa isiyoijua lugha hiyo inazichapa kama maandishi, ukurasa baada ya ukurasa, mpaka wino uishe.

Kwenye Debian anayesimamia uchapaji ni CUPS, Samba ni mpokeaji tu. CUPS inajua kutafsiri, mradi ujue unaiachia nani kazi hiyo. Ama kompyuta zote nane zipewe dereva halisi wa printa yenyewe na seva ipitishe bila kugusa, ama zote zitume PostScript ya jumla na CUPS itafsiri kwa dereva uliowekwa kwenye seva. Kuchanganya namna hizi mbili ndiko kunakoleta herufi hizo. Mimi ningechagua ya pili, na ningeitoa Samba katika uchapaji kabisa, kwa sababu tangu Microsoft ilipoziba matundu ya uchapaji mwaka 2021, Windows haikubali tena mtumiaji wa kawaida apokee dereva kutoka kwenye seva bila msimamizi. Washa ushirikishaji kwa `cupsctl --share-printers`, na kwenye kila Windows ongeza printa kwa kuandika `http://192.168.1.10:631/printers/laza`, ambapo laza ni jina ulilolipa foleni, kisha uchague dereva wa PostScript wa jumla. Foleni ikikwama, `lpstat -t` inakuambia sababu, `cancel -a laza` inaifuta, na `cupsenable laza` inaiamsha. Na kama printa yako ina tundu la waya wa mtandao, ipe anwani yake ya kudumu na uiondoe kwenye seva moja kwa moja: printa inayofanya kazi hata seva ikiwa imezimwa ni jambo jema lori likiwa linasubiri karatasi.

Swali la patrone linastahili jibu bila upendeleo. Windows Server utailipia leseni yake, utalipia tena haki ya kila mtu au kila kompyuta inayoingia, na itataka mashine yenye nguvu kuliko hiyo ya zamani. Kwa watu wanane wanaohitaji folda moja na printa moja, sioni utakachopata ambacho huna. Kuhamishia yote kwenye intaneti kuna faida za kweli: hakuna mashine ya kutunza, na ajenti wa Kasumbalesa anafikia. Lakini utalipa kila mwezi kwa kila mtu, na siku mtandao ukikatika mjini, dosie iliyo mita tatu kutoka mezani kwako haifunguki. Njia ya tatu ambayo hukuitaja ni kisanduku cha kuhifadhia faili kama vile vya Synology au QNAP. Ndani yake mna Linux na Samba ileile, ila unaipangia kwa kubofya. Kama hakuna mtu katika biro atakayependa kugusa Debian hata mara moja kwa mwezi kwa ajili ya masasisho, mwambie patrone anunue hicho. Ukiwa wewe uko tayari, baki na ulichonacho, ila ubadilishe diski: diski iliyozeeka ndani ya kompyuta ya zamani siwezi kukushauri uiamini na kazi ya wateja.

Ajenti wa Kasumbalesa asipewe seva kwa kufungua kwenye ruta lango 445, ambalo SMB hupitia. Lango hilo likiwa wazi kwa intaneti, wavamizi wataligonga bila kupumzika. Kwa ufw, programu ya ukuta wa moto, funga seva iitikie mtandao wa ndani tu:

`ufw allow from 192.168.1.0/24 to any port 445 proto tcp`

Fanya hivyohivyo kwa lango 631 la printa, na kwa 22 kama unaingia kwenye seva kutoka kompyuta nyingine ya biro, kabla ya kuiwasha ufw, la sivyo utajifungia nje. Kwa ajenti, hata njia ya siri ya mtandao (VPN) ikipatikana, SMB ni itifaki ya maswali na majibu mengi, na juu ya intaneti ya simu itakuwa nzito mno. Yeye anahitaji PDF za malori ya wiki hii. Tenga folda moja kwa ajili yake, na programu ya Syncthing iilinganishe na kompyuta yake kila mtandao unapopatikana. Haihitaji kufungua lango lolote kwenye ruta.

Kuhusu nakala za akiba sitakubembeleza. Samba haiwezi kumzuia kirusi kilichoingia kwenye kompyuta ya deklaran kufunga faili zote ambazo deklaran huyo ana ruhusa ya kuandika. Chukua diski mbili za nje, nakili kwa amri ya rsync, na moja ikae daima nje ya biro, imechomolewa. Kwa yale makosa ya kila siku ya mtu kufuta asichokusudia, ongeza chini ya folda yako mistari hii, na kilichofutwa kitahamia kwenye pipa badala ya kupotea:

`vfs objects = recycle`
`recycle:repository = .pipa/%U`
`recycle:keeptree = yes`

Pipa hilo halijisafishi lenyewe. Litembelee kila mwezi kabla halijaijaza diski.

Kuna mambo ambayo usiyafanye peke yako. Diski ikianza kugonga au kukwaruza, au `smartctl -a`, amri inayosoma afya ya diski, ikikuonyesha idadi ya sekta zinazosubiri kubadilishwa (mstari wa Current_Pending_Sector) imepita sifuri, zima seva na uite mtu aje, kwa sababu kila dakika ya kuendelea inaweza kula faili nyingine. Ukikuta majina ya faili yamegeuka na kuna karatasi ya kudai pesa, chomoa waya wa mtandao kwanza, uliza baadaye. Na kama baada ya kufuata yote haya bado folda moja inakataa, usijaribu tena kwa kubahatisha. Lubumbashi ina vijana waliosoma kazi hii, katika chuo cha kompyuta cha ESIS Salama na kwingineko, na kazi kama yako haiwachukui muda mrefu. Akija, awe na smb.conf yako mbele yake, matokeo ya testparm, ya `pdbedit -L` na ya `ls -l` kwenye folda inayosumbua, na faili za /var/log/samba za siku tatizo lilipotokea. Mwambie pia kwamba 777 haitakiwi, na aandike kwenye daftari kila amri atakayoipiga, pamoja na neno la siri la msimamizi, ambalo utalifungia kwenye bahasha na kulikabidhi kwa patrone.